Safu Isiyokuwepo

Daftari nililirithi kwa Clifford Naylor,
jalada la kijani, harufu ya tumbaku ya kiko.
Kila ukurasa aliugawa kwa rula:
tarehe, jina, kiasi, na pembeni kabisa,
kwa herufi kubwa, KWENDA KENEMA.

Miaka ishirini na saba ya kwenda.
Cherehani mbili zilizokaa forodhani Freetown miezi minane
zikingoja sahihi ya bwana aliyekwenda msibani.
Mabati. Chaki. Hadubini moja.
Makoti ya baridi, maboksi kumi na moja.
Aibu hiyo hatuitaji, ila Enid akionja mvinyo
husimulia jibu la mwalimu Lahai:
"Makoti tumeyapokea. Tunaisubiri baridi."

Wanachama ni saba, siku za mvua watano.
Tunakutana Jumanne nyuma ya kanisa la Wamethodisti,
chumba chenye hita moja inayokohoa.
Parvin huleta sambusa,
Enid huleta kumbukumbu za kikao, na nyingine ambazo hazikuandikwa,
mimi huleta kopo la biskuti lenye sarafu
na kuzihesabu mara mbili,
kwa kuwa Clifford alizihesabu mara mbili.

Mwaka wa Ebola barua zilikatika.
Ikaja moja, fupi, mwandiko si wa Lahai:
soko limefungwa, hatupeani mikono,
nesi Jebbeh hatunaye.

Jebbeh, aliyelala chumba changu cha nyuma majuma matatu,
aliyeogopa ngazi za umeme na hakuogopa damu,
aliyesema chai yangu ni maji yaliyoonyeshwa jani.

Jumanne ile hakuna aliyefungua ajenda.
Hita ilikohoa, tukaizima.

Halafu, siku ya pili ya Krismasi, mto Hask,
uliopita chini ya daraja letu kwa adabu tangu enzi za babu,
ukapanda ngazi za maktaba,
ukaingia kwa mwokaji bila hodi,
ukaibeba friji ya Enid hadi uwanja wa kriketi
ukailaza pale, mlango wazi, siagi ndani.
Kopo la biskuti lilikwenda na maji.
Daftari lilikuwa juu ya kabati;
unyevu tu uliliumua kama unga wa hamira.

Februari, benki ikapiga simu.
Je, natarajia fedha kutoka ng'ambo?
Pauni themanini na sita na peni arobaini.
Mtumaji: Umoja wa Wauza Mawese, Soko la Kenema.
Maelezo: POLENI NA MAJI.

Niliomba anisomee tena.

Mama Baindu Kpaka alinieleza mwenyewe,
jenereta ikinguruma nyuma yake,
sauti imekauka kwa vumbi la jangwani:
"Tuliona picha ya friji uwanjani.
Kwanza tulicheka, utusamehe.
Kisha kila meza ikatoa kikombe cha mafuta."

Usiku nikafungua daftari, kalamu mkononi,
nikatafuta pa kuandika.
Hapakuwa na pahali.
Clifford, mtu mwema, aliyegawa hata sabuni yake,
hakuwahi kuichora safu hiyo, wala mimi
sikuwahi kuikosa. Miaka yote mkono wetu ulikuwa wa juu,
na mkono wa juu, nimegundua, nao hufa ganzi.

Nikachukua rula yake.
Karatasi ilikuwa na mawimbi, mstari ukaenda upogo.
KUTOKA KENEMA, nikaandika, na chini yake 86.40,
nikakaa nikiutazama weupe uliobaki juu,
kurasa kwa kurasa nyuma,
nikijiuliza Jebbeh ningemwandika kwa kiasi gani,
na ule utani wa makoti.

Kikao kilipitisha friji ya mtumba kwa Enid.
Alikataa mara tatu, akakubali ya nne.
Ina mlango mgumu, inanguruma usiku,
na ndani, kando ya maziwa,
pana chupa ya mawese iliyoganda, nyekundu,
ambayo Parvin peke yake anathubutu kuipikia.
Ukiufungua mlango, taa inawaka.
Enid huufungua hata asipotaka kitu.